Somo la Mwezi: Kuzisoma Mbingu na Mawimbi ya Ziwa Nakivale katika Majuma Yajayo

Ndugu wasomaji wa Nakivale, wa Mbarara na wa wilaya nzima ya Isingiro, somo la toleo hili linahusu hali ya hewa na mawimbi ya ziwa letu tangu sasa mwezi Septemba hadi mwisho wa Desemba. Huenda mtu akauliza: polisi wana nini na mawingu? Jibu letu ni fupi. Mtumbwi unapozama, taarifa hufika mezani petu. Radi inapoua, sisi ndio tunaoitwa. Na jirani anapopigwa na umati kwa tuhuma kwamba ndiye aliyeituma radi hiyo, faili la pili hufunguliwa juu ya lile la kwanza. Tunaandika ili mafaili hayo yapungue, na tunaandika kabla msimu haujashika kasi, kwa maana onyo linalokuja baada ya mazishi halimfai mtu.

Somo lina sehemu sita. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji, mialoni, makanisani na misikitini, na lifasiriwe kwa wale ambao Kiswahili hakiwafikii.

1. Ziwa dogo lina tabia yake

Wengi wetu tumetoka kwenye maji makubwa. Yuko aliyekulia Uvira, Baraka au Rumonge, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinapita mita 1,400. Yuko aliyezoea Ziwa Kivu, na yuko aliyetoka pwani ya Somalia, akiyajua mawimbi ya Bahari ya Hindi na pepo zake za kaskazi na kusi. Mtu wa namna hiyo anapolitazama Ziwa Nakivale kwa mara ya kwanza, huliona kama bwawa. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800. Nakivale lina takriban 26 tu, na kina chake ni mita chache.

Dharau hiyo ndiyo hatari ya kwanza. Wimbi hukuzwa na mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na umbali wa maji wazi ambao upepo umepita juu yake. Baharini, wimbi linaweza kuzaliwa na tufani iliyo mbali sana, likasafiri siku kadhaa, na kufika ufukweni likiwa pana na lenye mwendo unaotabirika. Ndiyo maana watu wa pwani wanaweza kuambiwa siku kadhaa mapema kwamba bahari itachafuka. Ziwa dogo halina nafasi hiyo. Mawimbi yake huzaliwa na upepo wa hapo hapo, wa saa hiyo hiyo. Yanaweza kuinuka baada ya dakika chache tu za upepo mkali, na hutulia upesi upepo unapokoma.

Kina kifupi nacho huongeza shida. Wimbi linapogusa sakafu ya ziwa hupunguza mwendo, husimama wima zaidi na kumfuata mwenzake kwa karibu. Mtumbwi haupati nafasi ya kupanda wimbi moja na kushuka kabla ya lingine kuupiga. Tufanye hesabu ndogo. Wimbi lenye kimo cha nusu mita lina kilele kilichopanda kama robo mita juu ya usawa wa ziwa. Mtumbwi uliosheheni watu, samaki au magunia, ukingo wake ukiwa umebaki shibiri moja tu juu ya maji, hauna hata robo mita ya akiba. Wimbi hilo likiupiga ubavuni, maji yataingia. Na kila maji yanapoingia, ukingo hushuka zaidi, na wimbi linalofuata huikuta kazi imerahisishwa.

2. Nini cha kutarajia, mwezi kwa mwezi

Kusini magharibi mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Wa kwanza huanzia Machi hadi Mei. Wa pili, ambao watu wa pwani wangeuita vuli, huanza Septemba na kumalizika Desemba. Kati yake kuna kiangazi cha Juni hadi Agosti na kile kifupi cha Januari na Februari. Sababu yake ni ukanda wa mvua unaolifuata jua: huvuka Ikweta ukielekea kaskazini, kisha huvuka tena ukirudi kusini. Sisi tulio karibu na Ikweta huupokea mara mbili.

Septemba, hasa nusu yake ya pili. Ardhi imekauka na ina joto. Mvua za kwanza huwa chache lakini zenye hasira: upepo wa vumbi, ngurumo na radi, na wakati mwingine mvua ya mawe. Mitumbwi mingi ya mbao imekaa juani miezi mitatu na mbao zake zimeachana. Huu ni wakati wa kuziba nyufa, kabla ya kuingia majini.

Oktoba. Mvua huwa za mara kwa mara. Siku nyingi hufuata mpango mmoja: asubuhi tulivu, mawingu yanayopanda baada ya adhuhuri, na dhoruba kati ya saa nane mchana na saa moja jioni. Hata hivyo asubuhi tulivu si hati ya dhamana. Juu ya Ziwa Victoria dhoruba nyingi hutokea usiku na alfajiri, na baadhi yake huweza kusukumwa hadi nchi kavu upande wa magharibi.

Novemba. Kwa kawaida mvua huwa zimekolea. Udongo umeshiba maji, mito hujaa, na kingo za vinamasi huwa laini na za kudanganya mguu. Mahali ambapo mama alichota maji kwa usalama mwezi Agosti panaweza kuwa na kina kingine kabisa.

Desemba. Mvua huanza kupungua, lakini shule hufungwa na sikukuu hukaribia. Watoto na vijana huongezeka ufukweni wakati ambapo maji bado ni mengi na machafu kiasi cha kutoonyesha sakafu. Mzazi asidhani kwamba kupungua kwa mvua ni kupungua kwa hatari.

Wakazi wa Mbarara wana neno lao katika somo hili. Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita mjini Mbarara na kuendelea mashariki kuelekea kwenye maziwa na vinamasi vya eneo letu, ambavyo mwaka 2006 viliorodheshwa kimataifa kuwa ardhioevu yenye umuhimu, chini ya jina la Mburo na Nakivale. Mvua kubwa ikinyesha Buhweju, mto unaweza kufurika Mbarara huku jua likiwaka mjini. Mwanafunzi anayeoga mtoni, au mchimba mchanga anayefanya kazi ukingoni, asitazame mbingu iliyo juu yake peke yake. Atazame rangi na mwendo wa maji. Maji yakigeuka ghafla kuwa ya matope, yakabeba majani na vijiti, atoke.

3. Jinsi ya kuusoma utabiri

Mamlaka ya Kitaifa ya Hali ya Hewa ya Uganda, UNMA, hutoa utabiri wa aina tatu unaotuhusu: wa msimu, wa siku kumi, na wa siku moja. Kituo cha IGAD cha utabiri wa tabianchi, ICPAC, nacho hutoa mwelekeo wa msimu kwa kanda nzima. Kila utabiri una kazi yake, na kosa kubwa la wasikilizaji ni kuupa mmoja kazi ya mwingine.

Utabiri wa msimu husema kwa asilimia. Chukueni mfano huu tuliouunda kwa ajili ya somo: “uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuwa juu ya wastani, 35 kuwa ya wastani, na 20 kuwa chini ya wastani.” Maneno hayo hayasemi kwamba mvua kubwa itakuja. Yanasema kwamba tukipata misimu 100 ya namna hii, tutarajie kama 45 kati yake kuwa na mvua kupita kawaida. Ishirini kati ya mia nayo ni mingi. Mkulima huutumia utabiri huu kuchagua mbegu. Kamati ya kijiji huutumia kuzibua mitaro. Mvuvi hawezi kuutumia kuamua kama ataingia ziwani leo jioni, kwa sababu hata msimu wenye mvua haba unaweza kuleta dhoruba moja yenye kuua.

Utabiri wa msimu hutegemea sana hali ya bahari za mbali. Mwishoni mwa mwaka 2019, upande wa Bahari ya Hindi ulio karibu na Afrika ulikuwa na joto kuliko kawaida ukilinganishwa na upande wa Indonesia. Afrika Mashariki ilipata mvua nyingi mno, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa zaidi ya nusu karne. Mialo ilifunikwa na watu wakahama. Bahari ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho ndiyo iliyoamua kina cha maji ya milangoni kwa watu.

Utabiri wa siku kumi hutusaidia kupanga: lini tusafirishe mizigo, lini tuanike samaki, lini tutengeneze paa. Utabiri wa siku moja ndio wa kusikilizwa kabla ya kushika kasia. Na baada ya huo hubaki utabiri wa mwisho, ambao ni macho na masikio ya mtu mwenyewe.

Tahadharini pia na jumbe za sauti zinazosambazwa kwa simu zikitangaza tufani kubwa bila kutaja chanzo wala tarehe. Ujumbe wa uongo hudhuru mara mbili: leo huwatia watu hofu, na kesho huwafanya wapuuze onyo la kweli. Kabla ya kuusambaza, ulizeni kituo cha polisi kilicho karibu au kiongozi wa kijiji.

4. Dalili za dakika thelathini

Dhoruba ya radi ina utaratibu wake. Hewa yenye joto na unyevu hupanda na kujenga wingu refu kama mnara. Mvua inapoanza kuanguka ndani ya wingu, huvuta hewa baridi chini. Hewa hiyo ikifika ardhini husambaa pande zote na kutangulia mvua. Huo ndio upepo unaopindua mitumbwi. Unaweza kufika ziwani kabla tone moja la mvua halijaanguka, wakati wavuvi bado wanaambiana kwamba mvua iko mbali.

Zifuateni dalili hizi:

Wingu linalokua juu kwa haraka, huku tako lake likiwa jeusi na la bapa.

Upepo unaokoma ghafla baada ya kuvuma siku nzima, kisha kurudi ukitoka upande mwingine na ukiwa wa baridi.

Vumbi linaloinuka ng’ambo ya ziwa, au mstari mweusi juu ya maji unaosogea kuelekea kwenu.

Vilele vyeupe vya povu juu ya mawimbi. Upepo unaoinua vumbi na karatasi na kutikisa matawi madogo una kasi ya kilomita 20 hadi 28 kwa saa, na kwa kasi hiyo povu jeupe huanza kuonekana mara kwa mara. Mtumbwi mdogo uliosheheni hauna kazi majini wakati huo.

Radi ina hesabu yake. Mwanga wake hutufikia papo hapo, lakini sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu: hizo ni kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Ikiwa ni sekunde 30 au chini yake, mko ndani ya eneo la kupigwa. Tokeni majini na ingieni katika jengo imara lililokamilika, au ndani ya gari lenye bodi na paa la chuma. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mrudi kazini.

Radi ikiwakuta katikati ya ziwa, lazeni milingoti na fito, kaeni chini kabisa ndani ya mtumbwi, msiweke mikono majini, na mwelekee ufuko ulio karibu zaidi hata kama si mwalo wenu. Mkiwa nchi kavu, msijikinge chini ya mti ulio peke yake wala katika kibanda kisicho na kuta.

5. Radi haina mjumbe

Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliwapiga watu waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Watu 14 walifariki, wengi wao watoto, na wengine wengi walijeruhiwa. Tarehe 28 Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Watoto hao walikuwa na maadui gani?

Tunauliza hivyo kwa makusudi. Katika jamii nyingi za hapa, anayefiwa kwa radi huanza kutafuta aliyeituma. Jicho humwangukia bibi kizee anayeishi peke yake, au jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, au mtu wa taifa lingine. Katika makazi yenye Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia pamoja na wenyeji Wanyankore, tuhuma moja ya namna hiyo inaweza kuwasha moto wa vijiji viwili.

Radi ni umeme unaosawazisha chaji kati ya wingu na ardhi. Hupendelea kilicho kirefu, kilichochongoka na kilicho peke yake: mti, mlingoti, mtu aliyesimama wima ndani ya mtumbwi. Haisomi majina. Paa la mabati juu ya nguzo za miti, bila kuta kamili wala waya wa kushusha umeme ardhini, haliwalindi waliomo ndani. Hiyo ndiyo sababu watu waliokusanyika pamoja hupigwa pamoja.

Sheria iko wazi. Anayemuua mtu kwa tuhuma za uchawi ameua, na atashtakiwa kwa mauaji. Anayempiga, anayemchomea nyumba au anayewachochea wengine naye atajibu. Mkisikia tuhuma inaanza kuzunguka kijijini, msisubiri iive. Leteni habari kwetu au kwa kamati ya ustawi wa wakimbizi ya kijiji chenu, nasi tutakuja kuzungumza na familia zote mbili wakati maneno bado yanatosha.

Na aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni bila woga. Wengi hufa kwa sababu walio karibu waliogopa kuwashika wakati moyo ulikuwa bado unaweza kurudishwa.

6. Kati ya njaa na wimbi

Tunajua kwa nini watu huingia ziwani mbingu zikiwa nyeusi. Mgao wa chakula umepungua katika miaka ya karibuni, na mvuvi asiyetoka leo huenda familia yake isile leo. Hatutamwambia mtu huyo kwamba uhai ni bora kuliko samaki. Analijua hilo kuliko sisi. Tunachoweza kufanya pamoja naye ni kupunguza gharama ya kungoja.

Tunapendekeza kila mwalo uwe na mtu mmoja wa zamu kwa siku, mwenye simu, filimbi na kitambaa chekundu. Kitambaa kikipandishwa, hakuna mtumbwi unaotoka, na walio majini hurudi. Ishara hiyo haihitaji kufasiriwa kwa lugha yoyote. Wanaotoka waandikishe majina na saa ya kurudi, ili anayechelewa atafutwe kabla ya giza. Wavuvi wakikubaliana kutoka na kurudi pamoja, hakuna atakayejiona amepoteza soko kwa kuwa mwangalifu.

Kila aliyemo mtumbwini avae jaketi la kuokolea maisha. Kulikalia si kulivaa. Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyobeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka makazi ya Kyangwali ilizama katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha. Walikuwa njiani kurudi nyumbani. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe ilizama katika Ziwa Victoria upande wa Mukono ikiwa imepakia kupita kiasi, na zaidi ya watu thelathini wakafa. Wasafiri wa boti hizo mbili walitofautiana kwa kila kitu, ila maji hayakuwatofautisha.

Mkiona mtu anazama, msirukie majini mikono mitupu. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa hurudi nyuma, mdomo huwa usawa wa maji, na mikono husukuma chini. Mrushieni kamba, fito, au jerikani tupu lenye kifuniko kilichokazwa. Akishatolewa, msimning’inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kama hapumui, aliyefundishwa aanze mara moja kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, huku mwingine akipiga simu 999 au 112, bila malipo.

Mtu akipotea ziwani, msingoje kupambazuke wala saa 24 zipite. Toeni taarifa saa hiyo hiyo, hata kama mtumbwi haukuwa na kibali, hata kama hamna hakika. Swali letu la kwanza litakuwa mahali alipoonekana mara ya mwisho.

Maswali ya kujadili kijijini

Mwalo wenu una nani wa zamu, na anafahamika kwa wanaosema lugha zote za hapo?

Kutoka mahali mnapochota maji, jengo imara la kujikinga na radi liko umbali wa hatua ngapi?

Mitumbwi mingapi ya kijiji chenu ina jaketi la kila aliyemo?

Nani atakwenda kumtembelea mama anayeishi peke yake, siku radi itakapopiga karibu na nyumba yake?

Majibu yaleteni katika mkutano ujao wa polisi na jamii. Tutayaandika mbele yenu, tutayarudia mwezi Desemba, na tutahesabu pamoja yale yaliyotimizwa.